Kukodi chopa kwa kazi ya kamera Dar: kwa nini nalipia Écureuil wakati R44 ipo

Swali linanijia WhatsApp, mara nyingi kutoka kwa watu wa matangazo ambao mteja wao ameshachoka na picha za droni: "Dada, tukitaka chopa tukodi ipi?" Wanakuwa tayari wana bei mbili mkononi, na hawaelewi kwa nini moja ni ghali hivyo wakati zote zinapaa na kutua. Mimi ni mpiga picha za video, ofisi yangu ni chumba kimoja Sinza juu ya duka la vifaa vya umeme, na kazi za angani ndizo zilizonilipia kamera niliyonayo. Nimekaa mlangoni mwa chopa za aina mbili ambazo mtu wa kawaida mwenye bajeti anaweza kuzikodi hapa: Robinson R44 ya Marekani na AS350 B3 ya Ufaransa, ile ya ukoo wa Écureuil ambayo Airbus siku hizi wanaiita H125. Ninayoipimia alama hapa ni hiyo ya pili. R44 itatajwa sana, kwa sababu bei ya Écureuil haielezeki ukiitazama peke yake.

Wengi wetu chopa ya kwanza kuiona kwa karibu ilikuwa ya kampeni. Mwaka 2005 Freeman Mbowe alizunguka nchi kwa chopa akigombea urais, na kuna watu walifika viwanjani kwa ajili ya vumbi lile kuliko kwa ajili ya sera. Tangu hapo imekaa vichwani kwamba chopa ni usafiri wa wakubwa. Hizi mbili hazikubuniwa kwa ajili ya wakubwa. Ni helikopta nyepesi za kazi: leo inanyunyizia dawa shamba, kesho inabeba nguzo ya umeme ikining'inia kwa kamba, keshokutwa inamshusha mgonjwa mlimani, na siku moja moja inabeba mimi na kamera yangu. Mtu aliyebuni mashine ya namna hiyo alianza na gharama ya kuiendesha kwa saa, na kila alichokiona hakina ulazima alikitoa. Ndiyo maana nikiulizwa ipi ikodiwe, na mimi nauliza: unajua kila mmoja alitoa nini?

Wafaransa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni yao Aérospatiale ilikuwa inamtafuta mrithi wa Alouette II. Hiyo Alouette II iliruka mara ya kwanza Machi 1955, na ndiyo helikopta ya kwanza ya injini ya turbaini kutengenezwa kwa wingi. Lakini ilishazeeka, na Wamarekani walikuwa wameshika soko kwa Bell 206 JetRanger, mashine iliyotokana na shindano la jeshi ambalo Bell walishindwa. Wakaibadilisha umbo, wakawauzia raia, ikaenea kila kona ya dunia. Wahandisi wa Marignane, jirani na Marseille, wakaambiwa watengeneze kitu cha kupambana nayo mfukoni mwa mwenye chopa. Cha kwanza kiliruka tarehe 27 Juni 1974 kikiwa na injini ya Lycoming kutoka Marekani, kwa sababu soko la Marekani lilikuwa likiwatoa udenda. Cha pili kiliruka Februari 1975 na injini ya nyumbani, Arriel ya Turbomeca. Kwa miaka kadhaa Amerika Kaskazini waliuziwa yenye Lycoming na sisi wengine yenye Arriel, mpaka Arriel ikashinda. B3 ninayopanda mimi ina Arriel ya kizazi cha pili, yenye nguvu za farasi 847 wakati wa kupaa, na kompyuta ndiyo inayopima mafuta yanayoingia. Rubani hahangaiki kuchunga joto la injini kila anapoiwasha kama wazee wake walivyofanya.

Sasa angalia juu, kwenye kichwa cha rota, pale mapanga yanapoungana. Panga la helikopta halikai tuli linapozunguka. Linapanda na kushuka, linakwenda mbele na kurudi nyuma kidogo, na linajigeuza ili kushika hewa zaidi au pungufu. Kwenye chopa nyingi za zamani kila mwendo ulikuwa na bawaba yake, kila bawaba na beringi zake, kila beringi na grisi yake, na nyuma ya hayo yote kuna fundi analipwa kwa saa. Watu wa Marignane wakazitoa bawaba. Mahali pake wakaweka nyota moja ya faibaglasi yenye mikono mitatu inayopinda yenyewe, na beringi za tabaka za raba na chuma zisizojua grisi. Wakaiita Starflex. Kwenye mkia wakafanya hivyohivyo: mapanga mawili yameshikwa na mhimili mmoja wa faiba unaojisokota, beringi hakuna. Chumba cha abiria kikatengenezwa kwa plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa joto. Ukikigonga kwa kidole kinalia kama ndoo, na mteja wangu mmoja alipokisikia alitaka kurudi nyumbani.

Kule California kulikuwa na mtu anaitwa Frank Robinson. Alipita kampuni kadhaa, Bell na Hughes zikiwemo, akiwaomba watengeneze helikopta ndogo ya bei nafuu. Hawakutaka. Mwaka 1973 akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake nyumbani kwake. R22 yenye viti viwili iliruka 1975, na R44 yenye viti vinne ikaruka Machi 1990. Robinson alitoa vitu tofauti kabisa. Alitoa turbaini, akaweka injini ya pistoni ya ndege ndogo, na akaipunguzia nguvu makusudi ili idumu. Nguvu inapanda kwenda kwenye giaboksi kwa mikanda ya V, kama ile ya mashine ya kusaga unga. Alitoa panga la tatu. Hata usukani aliugawa: kuna mti mmoja tu katikati, wenye mkono wa kwenda kulia na kushoto, rubani anaushusha upande wake. Kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12 chopa nzima inavuliwa na kujengwa upya, kwa hiyo mwenye nayo anajua tangu siku ya kununua itamgharimu nini. Mimi namheshimu sana yule mzee, alifariki 2022. Bila yeye hapa mjini tusingekuwa na chaguo la pili.

Basi zote mbili ni kazi ya mkasi. Mfaransa alikata kazi ya fundi, akaacha nguvu na nafasi. Robinson alikata bei ya kununua, na pamoja nayo nguvu na nafasi zikaenda. Haya si maneno ya vitabuni tu, utayaona kwenye mizani.

Kabla ya safari mnapimwa. Kila mtu, kila begi, kila betri. Kuna mzee mmoja, bosi wa upande wa mteja, aligoma kupanda mizani mbele ya vijana wake, akataja kilo za enzi za jeshi la kujenga taifa. Kapteni akamtazama, akasema kwa adabu, "Mzee wangu, mimi nitaamini, ila chopa haitaamini," na mzee akapanda. Hesabu yenyewe ni hii. B3 inaruhusiwa kupaa na jumla ya kilo 2,250, na yenyewe tupu ina kama kilo 1,200 na ushee kutegemea vilivyofungwa. Tangi lina lita 540, kwa uzito ni kilo 430 hivi. Likijaa, bado unabaki na zaidi ya kilo 550 za rubani, watu na mizigo. R44 Raven II mwisho wake ni kilo 1,134. Toa uzito wake, jaza mafuta, unabakiwa na kilo 320 au zaidi kidogo, rubani akiwa ndani ya hesabu. Watu wanne wazima wa Dar, waliokula vizuri, wameshaimaliza. Kwa hiyo R44 ya viti vinne, ukiwa na kamera, vifaa vya kuituliza na tangi lililojaa, ni chopa ya watu watatu. Ukimlazimisha mkurugenzi wa tangazo apande, utapunguza mafuta.

Halafu ongeza joto letu. Februari saa nane mchana hewa ya Dar imetanuka, ni nyepesi, panga linashika kidogo na injini inavuta kidogo. Kuruka kwenda mbele hakuna shida. Shida ni kusimama angani mahali pamoja, kitu ambacho watu wa kamera tunakipenda na ambacho kinakula nguvu kuliko vyote. Kwenye R44 iliyojaa rubani mwenye akili atakukatalia, na usibishane naye. B3 nimeiona ikisimama juu ya kisiwa cha Mbudya, mafuta tele, watu wanne ndani, bila rubani kukunja uso. Ni ndugu wa ile ambayo tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle aliitua kwenye kilele cha Everest, mita 8,848, akakaa pale dakika 3 na sekunde 50 akiwa ameibana kwa mapanga yanayozunguka ili isiteleze. Chopa za aina hiyo ndizo zinazopanda Kilimanjaro kuwachukua wanaozidiwa na mlima. Hivyo unapolipa bei ya B3 hapa pwani unalipia nguvu ya milimani ambayo hutaitumia yote, na ile ziada ndiyo inayokupa kusimama angani na kufikiria.

Tuje mlangoni, maana huko ndiko nakaa. Sakafu ya Écureuil ni bapa kutoka mbele hadi nyuma. Benchi la nyuma linatolewa, mlango mkubwa wa kuteleza unarudishwa nyuma, nafungwa hanesi kwenye vishikizo vya sakafuni, na kamera inaning'inia kwa kamba za mpira mbele yangu. Rubani anakaa kulia. Mimi nakaa nyuma yake, kulia vilevile. Kitu hiki kidogo ndicho ningekiandika kwa wino mwekundu: rubani na kamera wawe upande mmoja. Akiona ninachokiona, sihitaji kueleza. "Kapteni, mashua nyeupe," na yeye tayari ameshaielekea. Ukikaa kushoto unageuka mtangazaji wa mpira, unasimulia tu, na picha imepita. Mabegi matupu yanaingia kwenye sehemu za mizigo, mbili ubavuni na moja mkiani, kwa hiyo hakuna kitu kinachozunguka miguuni mlango ukiwa wazi. Kwenye R44 mlango unang'olewa kabisa kabla ya kupaa, chini ya kiti kuna kisanduku kidogo cha mizigo, na mengine yote unayapakata.

Kamera ya puani, ile ya kufungwa kwenye mpira wa chuma nje ya chopa, sijawahi kuitumia. Kuikodi kutoka nje na mtu wake ni pesa ya kununua kiwanja Chanika. Ninachoandika ni kwa wenzangu wa kushika mkononi.

Mtetemo. Hapa wauzaji wa huduma hawasemi kitu, na ndiko pesa inakoonekana kwenye kioo. Rota ya B3 inazunguka kama mara 390 kwa dakika, mapanga matatu, maana yake mwili unapigwa karibu mara 20 kwa sekunde. R44 inazunguka zaidi kidogo ya mara 400, mapanga mawili, kwa hiyo ni mara 13 au 14 kwa sekunde. Pigo la haraka na dogo, vifaa vya kutuliza kamera vinalimeza. Pigo la polepole na kubwa linaingia hadi kwenye lenzi ndefu, na ukifika milimita 70 majengo ya Posta yanaanza kutetemeka. Kwenye R44 nabaki na lenzi pana, basi. Kwenye B3 nimepiga kwa lenzi ndefu mitumbwi ya Feri ikirudi alfajiri, picha imetulia nikadhani nimesahau kuwasha kamera. Juu ya mlingoti wa rota kuna kifaa chenye uzito na springi kinachocheza kinyume cha mtetemo. Kama chopa uliyoletewa inatikisa meno, uliza kimehudumiwa lini.

Lakini B3 ina ugonjwa wake wa kamera, na sijaona mtu akiuandika. Jua likiwa utosini, kivuli cha mapanga kinapita juu ya lenzi mara zilezile 20 kwa sekunde. Wewe unarekodi fremu 25. Namba hizo ziko karibu, hazilingani, na matokeo yake ni picha inayopepesa kwa mpigo wa kero, kama mara tano kwa sekunde. Hakuna programu iliyonisaidia kulisafisha vizuri. Dawa ni kupiga jua likiwa chini: kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mteja akitaka saa sita mchana kwa sababu ndipo bosi wake ana nafasi, mwambie bosi abaki chini.

Kuna siku tulikuwa tunazunguka Daraja la Tanzanite jua likichomoza upande wa bahari, rangi yote ipo, na duara letu lilikuwa pana kuliko nilivyotaka. Nikasema kwenye hedseti, "Kapteni, tukaze kona kidogo." Akajibu, "Hapana dada. Kona ya kulia, mwendo huu, uzito huu, usukani utakuwa wake." Alinieleza baadaye tukinywa chai. Pembe ya mapanga ya Écureuil rubani anaigeuza kwa msaada wa haidroliki, kama pawa stearingi. Ukiikunja chopa kwa nguvu ikiwa nzito na ina kasi, hewa inayasukuma mapanga kuliko haidroliki inavyoweza kuyazuia. Usukani unakuwa mzito ghafla na chopa inainua pua na kulalia kulia yenyewe. Rubani akitulia na kulegeza, inapita mara moja. Akiwa chini sana na kona ni ya kulia, nafasi ya kutulia inaweza isiwepo. Na angalia mtego wake: kamera iko kulia, kwa hiyo kila mpiga picha duniani anaomba kona ya kulia. Nilimpenda yule kapteni kuanzia hapo. Tulipunguza mwendo, duara likajifunga lenyewe, picha ikapatikana. R44 nayo ina katazo lake, lingine kabisa: rota ya mapanga mawili haitaki kusukumwa pua chini ghafla mpaka abiria wahisi wepesi tumboni, kwa sababu kichwa cha rota kinaweza kuugonga mlingoti wake. Kwa hiyo usimwombe rubani wa R44 akupe ile picha ya kupanda halafu kuporomoka. Atakukatalia, na asipokukatalia, shuka.

Wateja huuliza usalama kwa sauti ya chini, na ni haki yao. Nchi hii haijasahau Oktoba 2015, Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa, alipofariki na wenzake kwa ajali ya chopa Selous. Mimi huwajibu hivi. Injini ikizima, chopa haianguki kama jiwe. Rubani anashusha pembe ya mapanga, hewa inayopanda inaendelea kuyazungusha, na karibu na ardhi anautumia mzunguko huo kutua. Rubani Mfaransa Jean Boulet alifanya hivyo tarehe 21 Juni 1972 baada ya kuipandisha helikopta ya Lama, ndugu mkubwa wa Écureuil, hadi mita 12,442. Injini ilizima kule juu, akashuka njia nzima bila hiyo. Ila inahitaji mahali pa kutua, na Dar mahali ni pachache. Ndiyo sababu njia nzuri za kupiga mji huu zinafuata ufukwe, Coco Beach hadi Msasani, au Bonde la Msimbazi, na siyo katikati ya paa za Kariakoo. Rubani anayekubali kusimama juu ya Kariakoo kwa injini moja kwa sababu umemwomba, mimi simpandi.

Jambo moja la kuuliza bila aibu: tangi. Écureuil kwa miaka mingi ilikuwa na tangi la plastiki lisilostahimili kishindo vya kutosha. Baada ya ajali ya Frisco, Colorado, Julai 2015, ambapo B3 ya wagonjwa ilianguka na kuwaka moto, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kulazimisha helikopta mpya ziwe na mfumo wa mafuta unaohimili ajali, na utekelezaji wake ulianza 2020. Za zamani zinaweza kufungiwa tangi hilo jipya. R44 nazo zilikuja kuwekewa mifuko ya mpira ndani ya matangi kwa sababu hiyohiyo. Uliza kwa maneno haya: "Tangi limebadilishwa?" Kampuni inayojali itakujibu bila kwenda kumwita mtu.

Huduma yenyewe sasa. Niliyokodi mara ya mwisho sitaitaja. Rubani nampa alama zote. Ofisi, hapana. Hedseti ya kiti changu ilikuwa na waya uliolegea, nikawa nasikia nusu ya sentensi, na kwenye kazi yangu nusu ya sentensi ni "shuka" bila "usi". Tulisubiri muda mrefu Terminal One, jengo la zamani la uwanja, bila mtu wa kutuambia kwamba mnara haujaturuhusu kupaa. Kiyoyozi kwenye B3 ni cha kulipiwa kiwandani na hii haikuwa nacho. Ardhini, mlango umefungwa, jua linakupika ndani ya plastiki ile. Kiti cha katikati nyuma usimpe mtu unayemheshimu.

Halafu ankara. Bei inatajwa kwa dola kwa saa, na saa inahesabiwa kwa injini, haihesabiwi kwa kamera. Chopa yetu ilikuwa inalala Arusha. Kwa hiyo tulilipia kuja kwake na kurudi kwake, kabla sijabonyeza kitufe chochote, na hilo liliandikwa mstari wa chini kabisa kwa herufi za mchwa. Uliza mapema chopa inalala wapi. Kama kuna kampuni nyingine inaihitaji Dar wiki hiyohiyo, gawaneni safari ya kuileta. Nimefanya hivyo na watu wa kazi ya mikoko delta ya Rufiji, wakanipa na siti. Ile ndiyo safari iliyonifanya niache kubishana kuhusu bei. Chini ya saa moja kutoka Dar tulikuwa juu ya mifereji, mlango wazi, tangi linatosha kufanya kazi na kurudi bila kutafuta mafuta. Na mafuta yake ni yale ya ndege kubwa, yapo. R44 inakunywa petroli ya ndege ndogo, ambayo haipo kila uwanja, ikibidi mnaisafirisha kwa mapipa.

Nafuatilia pia Wahindi. Kwa miongo walitengeneza Lama kwa leseni wakaiita Cheetah, sasa wamebuni yao ya tani tatu na ushee, injini moja, iliyoruka Septemba 2016, kwa ajili ya kuzipumzisha zile za zamani kwenye Himalaya. Ikifika kwenye soko la kukodi huku nitaipanda.

Alama: chopa nne na nusu kati ya tano, nusu imeondoka na kiyoyozi na kivuli. Kampuni, mbili na nusu, zote za rubani. Kama kazi yako ni picha pana za hoteli moja ya Kigamboni, watu wawili na rubani, asubuhi, kodi R44 na pesa iliyobaki walipe vijana. Kama unahitaji lenzi ndefu, kusimama angani, watu wanne, au kutoka nje ya mji, lipia Écureuil. Panga kazi Juni au Julai, masika yameisha na hewa imepoa, toka alfajiri kabla upepo wa kusi haujaamka. Vibali vya kurekodi anza kuvifuatilia mapema kuliko unavyodhani. Na bei ya kwanza wanayokutumia, iulize kama ina VAT, kwa sababu asilimia 18 ya saa ya turbaini ni mshahara wa mtu.